Maandamano, Igizo, Vikao vya Maskani au Redio: Kikundi Chenu Kichague Njia Gani Kupinga Dhuluma za Kijinsia Mombasa?

Novemba ikikaribia, vikundi vingi vya mitaa Mombasa huingia kwenye mjadala uleule. Pesa ni kidogo, wa kujitolea wanahesabika, na habari za kina mama waliopigwa na watoto walionajisiwa zinaendelea kusikika Likoni, Kisauni, Changamwe na hata ndani ya Mji wa Kale. Mmoja anataka maandamano. Mwingine ana vijana hodari wa kuigiza. Wa tatu anasema twende tukakae na wanaume maskani, na wa nne ana jamaa yake redioni. Mara nyingi uamuzi huangukia lile ambalo mfadhili alishawahi kulilipia, na nguvu za mwaka mzima zinapotelea hapo.

Njia zote nne zina kazi yake, na zote nne zimetumika Pwani. Ninaloliamini ni hili: njia ichaguliwe kwa kumtazama anayetakiwa kubadilika, kisha kwa kuuliza nani atampokea mtu atakayejitokeza baada ya kuwasikia. Umati, tisheti na picha ni mambo ya baadaye kabisa.

Vigezo

Nitazipima kwa mambo manne. La kwanza ni nani anayefikiwa. Mama anayeamka alfajiri kuuza Kongowea, kibarua wa bandarini anayeingia zamu ya usiku, msichana aliyeolewa majuzi Kibokoni asiyetoka ovyo, kijana wa bodaboda pale Bamburi: hawa hawakutani mahali pamoja, wala hawana saa moja ya mapumziko.

La pili ni kinachobadilika. Kuna kuwapa watu habari, kuna kubadili mwenendo wao, na kuna kuisukuma ofisi ya serikali ifanye kazi yake. Watu huyachanganya haya matatu kila siku. Mume anaweza kuijua Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kifungu kwa kifungu na bado usiku akampiga mkewe.

La tatu ni gharama, ya pesa na ya watu. La nne ni usalama wa manusura, nalo ndilo zito kuliko yote. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikisha miaka 15. Kwa hiyo mkisimama mbele ya wanawake thelathini, chukulieni kwamba kama kumi mnawazungumzia wao wenyewe, na huenda waliowaumiza wamesimama hatua chache nyuma yao.

Kwanza mapokezi

Kampeni ikifanikiwa, kuna mtu atawajia. Atakuja jioni, pengine na mtoto mgongoni, na hatasubiri ripoti yenu iandikwe. Kikundi kisicho na la kumwambia kimemfungua kidonda na kumwacha njiani.

Basi, njia yoyote mtakayoichagua, wawe watu wawili angalau wanaoyajua haya kwa moyo. Aliyebakwa afike hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120, ila kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi au zifungwe kwa gazeti, kwa kuwa plastiki huharibu ushahidi. Hospitali ya Coast General ina kituo maalumu cha manusura, na matibabu haya ni bure katika hospitali za umma. Asikatazwe kutibiwa ati kwa sababu hajapita polisi kwanza. Akienda polisi, aulize dawati la jinsia, apewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na P3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza baada ya kumpima. Simu ya bure ya 1195 hupokelewa usiku na mchana, na 116 ni ya watoto. Shanzu kuna mahakama maalumu ya kesi hizi tangu 2022, ya kwanza nchini.

Jambo la mwisho katika mapokezi: jueni mtamjibu nini mzazi anayetaka kuyamaliza nyumbani. Ataletewa mbuzi au fedha, wazee watamwambia asitiri jina la familia, na atakuja kwenu kuuliza kama ni vibaya. Mwambieni kwamba kesi ya kunajisi mtoto si mali ya familia ya kuiuza wala kuisamehe. Uamuzi wa kuiondoa mahakamani uko kwa mwendesha mashtaka wa serikali.

Maandamano

Anayefikiwa. Wapita njia, waandishi wa habari, na walioketi ofisini. Maandamano yanayotoka Mapembeni hadi Treasury Square hupita mbele ya maduka, matatu na afisi, na kwa saa mbili mji mzima unajua kuna jambo. Mke anayepigwa Mishomoroni hayaoni isipokuwa jioni kwenye taarifa au simuni.

Kinachobadilika. Nguvu yake iko kwa serikali. Tarehe 27 Januari 2024 wanawake waliandamana katika miji mbalimbali ya Kenya, Mombasa ikiwemo, kupinga mauaji ya wanawake. Kelele zilizoendelea mwaka ule zilichangia Rais kuunda jopo maalumu kuhusu dhuluma hizi Januari 2025, likiongozwa na Dkt. Nancy Baraza, naibu jaji mkuu wa zamani. Hakuna igizo la mtaani lingefika huko. Lakini sijaona mume aliyebadili tabia kwa kusoma bango barabarani, na hatuna haja ya kujidanganya kwa hilo.

Gharama. Pesa si nyingi: mabango, maji, spika, nauli ya wanaotoka mbali. Kazi ni ya makaratasi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na Sheria ya Utulivu wa Umma inawataka mumpe OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, taarifa ya maandishi siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla, ikitaja mwandalizi, njia na saa. Maandamano ni kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mnatoa taarifa, hamwombi hisani, lakini andikeni kwa adabu na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Usalama. Tatizo kubwa ni kamera. Manusura akishika bango mbele, picha yake itafika kwa shemeji zake kabla hajarudi nyumbani. Msimtangulize mtu aliyeumizwa ili kuwapa waandishi habari yenye machozi. Mkiwa na watoto, nyuso zao zisipigwe picha hata kidogo. Na wawepo watu wenu wenyewe wa kusimamia mstari, maana vurugu ikizuka ujumbe hupotea na inabaki habari ya vitoa machozi.

Yanawafaa wenye dai moja lenye anwani. Kesi imekwama, dawati la jinsia halina chumba cha faragha, taa za barabara hazipo: dai kama hilo lina mtu wa kulijibu. Mkiandamana “kupinga dhuluma” tu, mtashangiliwa na mtarudi nyumbani.

Igizo la mtaani

Anayefikiwa. Yeyote aliyepo pale mtaani saa ile. Ukiweka ngoma mbili na spika Mtongwe au Bangladesh kule Jomvu baada ya swala ya alasiri, watoto wanafika kwanza, kina mama wanafuata, kisha wanaume wanasimama kwa mbali wakijifanya wanapita. Hao wa mbali ndio mnaowataka. Maghariba ikikaribia watu hutawanyika, kwa hiyo igizo lisizidi nusu saa na mazungumzo yapewe nusu saa nyingine. Mwezi wa Ramadhani mpango huu hubadilika wote; baada ya tarawehe panakuwa na watu, ila pimeni usalama wa mtaa usiku kwanza.

Kinachobadilika. Igizo linaliweka wazi lile ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitamka. Pwani tumekuzwa kusitiri. Msemo wa ndugu wakigombana chukua jembe ukalime tumeuhamishia kwa mke na mume, na majirani wanalala wakisikia mtu akilia ukutani. Mwigizaji akiwa ndiye huyo jirani, na akageuka kuwauliza watazamaji, “Nyinyi mngefanya nini?”, ndipo kazi inapoanza. Mtindo mzuri ni wa kuusimamisha mchezo pale ngumi inapoinuliwa, kisha mtazamaji aitwe aingie aonyeshe angefanya vipi. Mmoja atasema angeenda kugonga mlango aombe chumvi, ili tu mume ajue kuna masikio. Mwingine atasema angempigia mzee wa mtaa. Bibi mmoja atasema mwanamke avumilie, na hapo msimzomee: mjibuni mbele ya wote kwa heshima, maana anasema lililo vifuani mwa nusu ya waliokusanyika.

Udhaifu wake ni kwamba hisia hupoa. Wiki mbili baadaye watu wanakumbuka mwigizaji aliyechekesha na wamesahau nambari ya simu. Igizo la mara moja ni tamasha. Lirudi mtaa uleule mara tatu au nne, likiendeleza hadithi ileile.

Gharama. Wastani. Vijana wanahitaji mazoezi ya wiki kadhaa, chakula na nauli, na mtu wa kuwasahihisha. Wengi hulipuuza hili la mwisho, na igizo baya lina madhara. Nimeona michezo ambayo kipigo kinachezwa kwa mbwembwe mpaka watoto wanacheka, na mingine ambayo mke “mdomo mrefu” anapigwa na umati unaona amestahili. Andikeni mchezo, uchezeni kwanza mbele ya kina mama watano mnaowaamini, kisha ndio mtoke. Ofisi ya chifu na ya kaunti ziulizwe mapema kuhusu uwanja na spika.

Usalama. Hatari ni hadithi kufanana mno na ya mtu wa pale. Mkisikia kisa cha Ujamaa, Likoni, msikichezee Ujamaa, Likoni. Badilisheni kazi ya mume, idadi ya watoto na namna jambo lilivyogunduliwa. Na mmoja wenu asimame pembeni muda wote kumwangalia anayeondoka ghafla akifuta macho.

Linawafaa wenye vijana wenye kipaji na mtaa wenye uwanja. Halifai mahali ambapo kisa kikubwa kimetokea majuzi na msiba bado umetandika jamvi.

Vikao vya mfululizo maskani, chamani na barazani

Anayefikiwa. Wachache kwa wakati mmoja: watu kumi hadi ishirini wale wale, wiki baada ya wiki. Wanaume hupatikana maskani na steji ya bodaboda, wazee kwenye kahawa tungu baada ya isha, kina mama kwenye chama siku ya mchango. Walevi wa mnazi hupatikana mangweni, lakini huko nendeni mapema kabla vikombe havijazunguka. Msiwakusanye ukumbini wa hoteli, wafuateni walipo.

Kinachobadilika. Hapa ndipo penye ushahidi mzito zaidi ninaoujua. Kule Kampala, shirika la Raising Voices lilianzisha mpango uitwao SASA!, ambao wanaume kwa wanawake wa kawaida wa mtaa walizungumza na majirani zao kwa muda mrefu. Watafiti waliufuatilia kati ya 2007 na 2012 wakilinganisha mitaa iliyokuwa na mpango huo na isiyokuwa nao, na matokeo yaliyotolewa 2014 yalionyesha kwamba wanawake waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia walikuwa wachache kwa asilimia 52 kule ulikofika. Mazungumzo yale hayakuanzia kwenye kipigo. Yalianzia kwenye nguvu: nani ana usemi nyumbani, anautumiaje, na wewe mwenyewe uliwahi kudhulumiwa na mwenye nguvu kuliko wewe?

Swali hilo la mwisho linafanya kazi ajabu Mombasa. Kibarua aliyetukanwa na msimamizi bandarini, kijana aliyekamatwa na polisi bila kosa, wote wanajua kudhalilishwa kukoje. Ukianza hapo, anakusikiliza. Ukianza na “nyinyi wanaume”, ameshanyanyuka.

Kwa upande wa wanawake, msiwasahau masomo wanaowafunda mabiharusi. Somo ndiye anayemwambia msichana siri za nyumba zikae nyumbani. Huyohuyo akiongeza kwamba kupigwa si siri ya kutunzwa, neno lake litamkaa msichana kuliko mabango yenu yote. Imamu akilisema kwenye hotuba ya Ijumaa, na mchungaji Jumapili, mwanamume hawezi tena kudai kwamba dini imempa ruhusa. Nendeni kwao kwa heshima, muwasikilize kwanza, msiwaendee na hotuba iliyokwisha kuandikwa.

Gharama. Pesa ni kidogo sana, kahawa na kaimati zinatosha. Watu ndio gharama. Mnahitaji waongozaji wa mtaani hapohapo, wanaume na wanawake, waliofunzwa, wenye subira ya mwaka au zaidi. Msizoeshe watu posho. Siku itakapokatika, kikao kitakatika nayo. Tena mchunguzeni kila mwongozaji. Mwanamume anayesifiwa maskani na mkewe ana alama usoni atazika kazi yote.

Usalama. Faragha ni bora kuliko kwenye njia nyingine, lakini siri huvuja mahali ambapo kila mtu ni binamu ya mtu. Wekeni sharti kwamba habari za nyumba ya mtu hazitajwi kwa jina. Msiwakalishe mume na mke kikao kimoja ili “wasuluhishwe” mbele ya watu. Atalipa mke wakirudi.

Vinawafaa wenye subira na wasiotafuta picha. Haviwafai waliopewa fedha za miezi mitatu na kutakiwa kuonyesha maelfu ya watu.

Redio

Anayefikiwa. Wasioonekana popote kwingine. Mwanamke asiyeruhusiwa kwenda kikaoni ana redio jikoni, na dereva wa tuktuk anaisikiliza kutwa. Pwani FM, Baraka FM na Radio Rahma zina wasikilizaji wao, kila moja na saa zake. Mchana wa saa nane si sawa na usiku wa saa tatu.

Kinachobadilika. Habari hasa, na hilo si dogo. Saa 72, nambari ya 1195, na kwamba Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inamruhusu mtu kuomba mahakama amri ya kumlinda, na inahesabu pia kutishwa na kunyimwa fedha kuwa dhuluma. Mwanamke anaweza kuishi miaka na jambo hilo bila kujua kwamba sheria inalitambua. Mwenendo haubadiliki kwa kipindi kimoja, ila kipindi cha kila wiki chenye sauti ileile hujenga imani taratibu.

Gharama. Muda wa hewani unaouzwa ni ghali kwa kikundi kidogo. Lakini vituo hutafuta wageni wa vipindi vya mazungumzo. Mkipeleka muuguzi, wakili na mzee mmoja wanaozungumza vizuri, huenda msilipe chochote. Mnachodaiwa ni maandalizi.

Usalama. Simu za moja kwa moja ni hatari. Mpigaji anaweza kumtaja mtu kwa jina, au manusura akatambulika kwa sauti tu. Kubalianeni na mtangazaji kabla: hadithi binafsi zije kwa ujumbe mfupi, zisomwe bila majina wala mitaa, na baada ya kipindi mtu wenu awe kwenye simu kwa saa mbili. Ujumbe huwa mwingi usiku ule kuliko mnavyodhani.

Inawafaa wenye wataalamu na wasio na watu wengi mtaani. Haimfai asiyeweza kurudi wiki ijayo.

Kulingana na hali yenu

Kama kesi ya mtaani kwenu inaahirishwa kila mara na familia imechoka, chagueni maandamano, mkiwa na dai moja la maandishi na jina la ofisi ya kulijibu. Ila familia ikubali kwanza, na wakili wake aulizwe kama kelele zitaisaidia kesi au zitaivuruga.

Kama mtaa unajua yanayotokea na umeyazoea, igizo litautikisa. Ndani ya wiki ileile anzeni vikao, kwa kuwa waliotikisika hawatangoja mwezi mzima.

Kama mna watu sita hadi kumi waaminifu, wake kwa waume, na hakuna mfadhili, msione haya kuanza na vikao peke yake. Chagueni maskani mbili na chama kimoja, si kata nzima.

Kama mnaowataka ni wanawake wasiotoka, redio iende pamoja na masomo na wakunga wanaoingia majumbani. Redio humpa habari, somo humpa wa kumwambia.

Kama mna wiki tatu tu kabla ya tarehe 25 Novemba, Siku 16 za kupinga dhuluma za kijinsia zinapoanza, vikao haviwezekani na igizo litakuwa la haraka haraka. Ombeni nafasi redioni au jiungeni na maandamano ya vikundi vingine badala ya kuandaa yenu, na muda uliobaki utumieni kuwafunza wale wawili wa mapokezi.

Na kama kilichowakutanisha ni mtoto aliyeumizwa wiki hii, acheni kabisa kuchagua. Mpelekeni hospitali, pigeni 116, hakikisheni halazwi nyumba moja na anayeshukiwa, na jina lake lisitajwe kwenye kundi lolote la WhatsApp. Kampeni itajadiliwa akishakuwa salama, na wazazi wake wakitaka.